Mficha Uchi Hazai, na Aliyeufunua Je?

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chembamba cha mfukoni, atlasi ya kichocho cha via vya uzazi vya mwanamke. Kimeandikiwa madaktari na wauguzi, kinapakuliwa bure mtandaoni, na uzito wake uko kwenye picha: mlango wa kizazi mmoja baada ya mwingine, mwekundu, wa waridi, unaong'aa kwa unyevu chini ya taa. Mimi si daktari. Nimekulia Kisawasawa, kwenye barabara itokayo Mang'ula kwenda Ifakara, na nimekisoma kitabu hiki kama ninavyosoma riwaya au diwani: nikiuliza kinazungumza na nani, kinaona nini, na nani ameachwa nje.

Ni kitabu kizuri. Nataka nikisome sambamba na maandishi mengine mawili ambayo sijawahi kuona mhakiki akiyagusa. Moja ni hojaji ya shuleni iliyofanyiwa majaribio katika bonde letu la Kilombero. Jingine ni ile chati ya maamuzi anayoifuata mhudumu wa zahanati pale mwanamke anapomwambia anatokwa na uchafu ukeni. Yote matatu yametengenezwa na watu makini, kila moja lina ushindi wake, na bado kati yao kuna ufa ambamo mwanamke mwenye kichocho cha kizazi hutumbukia. Ufa huo umeanzia kwenye maneno. Upungufu wa vifaa umekuja kuupanua tu.

Wengi wetu tulimaliza darasa la saba tukijua jambo moja juu ya kichocho: ni kukojoa damu. Tulichorewa konokono ubaoni, tukachorewa mtoto anayeoga bwawani, tukachorewa mishale inayozunguka. Mchoro ule ulikuwa sahihi, ila ulikoma mapema. Minyoo wa Schistosoma haematobium, wakishaingia mwilini kupitia ngozi, hukomaa na kuishi wawili wawili, dume na jike, ndani ya mishipa midogo ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga mayai yenye mwiba nchani, na mayai hayo hupenya kuelekea kwenye mkojo. Lakini mishipa ya kibofu na mishipa ya kizazi ni majirani wa ua mmoja. Mayai mengine hupotea njia, yakanasa kwenye mlango wa kizazi, kwenye kuta za uke, hata kwenye mirija ya uzazi. Mwili huyazingira kwa uvimbe, yenyewe hufa na kugeuka kama chokaa, na hukaa hapo miaka. Mwanamke huumia wakati wa tendo la ndoa, hutokwa damu baada yake, hutokwa uchafu usioisha. Wapo ambao mimba haishiki kabisa, na wapo ambao inatunga nje ya kizazi.

Haya hayakugunduliwa juzi. Theodor Bilharz aliwaona minyoo hawa Cairo mwaka 1851, na mwaka 1899, huko huko Cairo, daktari Frank Cole Madden aliandika habari za mgonjwa mwenye ugonjwa huo ukeni. Ni zaidi ya miaka 120. Makadirio yaliyorudiwa na UNAIDS mwaka 2019 ni kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wanaishi nao, wengi wao Afrika. Namba kubwa namna hiyo, na ukimsimamisha dada yeyote stendi ya Ifakara ukamuuliza kichocho kinahusiana nini na kizazi, nina hakika atakutazama mara mbili.

Turudi kwenye atlasi. Kinachonivutia kama msomaji ni tashibihi zake. Waandishi walikuwa wanatazama kitu ambacho lugha ya kitabibu haikuwa nacho jina, wakalazimika kufanya anachofanya mshairi: kutafuta kinachofanana. Wakaita mchanga. Kuna mabaka yenye chembechembe, kama punje za mchanga zilizozama kwenye utando. Kuna mabaka ya manjano yasiyo na chembe, laini kwa kuyatazama. Kuna vinundu vinavyofanana na mpira. Kuna mishipa ya damu iliyojikunja isivyo kawaida. Ukishajifunza maneno hayo, macho yako yanabadilika. Mara ya kwanza kupitia kurasa zile niliona nyama tu. Nilipopitia tena, baada ya kusoma maelezo, niliuona mchanga kabla mshale haujanionyesha. Hiyo ndiyo kazi ya atlasi, na imeifanya.

Ila angalia inazungumza na nani. Inazungumza na mtu aliyesimama upande wa pili wa kitanda, mwenye taa, mwenye kifaa cha kupanulia uke, pengine na kile chombo cha kukuzia kinachoitwa kolposkopi. Mwanamke mwenyewe yumo kwenye picha kwa sentimita chache za mraba. Hana uso, na hilo ni sawa, faragha yake lazima ilindwe. Lakini picha haina pia mto wala shamba. Mchanga ule ulitoka majini, na maji hayapigiki picha kwa kolposkopi.

Wahenga walituachia methali inayopendwa sana na wahudumu wa afya: mficha uchi hazai. Imeandikwa kwenye insha za shule, imesemwa kwenye kliniki za wajawazito, imetumika kuwasukuma wanawake wapande kitandani na kuacha haya. Nimeichoka. Inaweka lawama yote kwa anayeficha na haimuulizi chochote anayetazama. Wapo wanawake waliofunua, wakafunua tena, katika vituo vitatu tofauti, na hawakuzaa, kwa sababu aliyetazama aliona wekundu akaandika zinaa, au aliona baka akahofia saratani. Bila jina la kitu, jicho halina msaada mkubwa. Kwa hiyo naiheshimu atlasi kwa kuwa ni jibu kwa nusu ya pili ya methali, ile ambayo haikusemwa.

Sasa hojaji. Ifakara ina historia ndefu ya kuulizwa maswali. Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara yake pale katika miaka ya 1950, na kutokana na mbegu hiyo leo ipo Taasisi ya Afya Ifakara. Miongoni mwa kazi zilizotoka bondeni, ninayoipenda kuliko zote ni ile iliyochapishwa mwaka 1991 na Christian Lengeler na wenzake. Tatizo lao lilikuwa rahisi kulieleza: wilaya kubwa, barabara mbovu, fedha kidogo, na unataka kujua kichocho kimejaa wapi. Kupeleka darubini kila kijiji ni ghali. Wakapeleka karatasi. Hojaji zilipitia njia za kawaida za serikali hadi kwa walimu wakuu, walimu wakawauliza wanafunzi, karatasi zikarudi kwa njia ile ile. Watoto waliulizwa dalili na magonjwa kadhaa, na kichocho kikachanganywa humo katikati ya mengine ili mtu asijue kinatafutwa nini. Majibu yalipolinganishwa na vipimo, ikaonekana shule zenye kichocho kingi zinajitaja zenyewe. Katika wilaya jirani ya Kilosa walimu walikwenda mbele zaidi, wakapima damu kwenye mkojo wa wanafunzi wao kwa vijiti vya kubadilika rangi. Baadaye njia hii ya maswali ilijaribiwa katika nchi nyingine za Afrika.

Naiita hojaji ile kazi nzuri ya uandishi, na sitanii. Ilitambua kwamba watu wa bondeni tayari wanalo neno, na kwamba neno hilo, likiulizwa kwa adabu mahali pake, linapima. Ilimwamini mtoto na mwalimu. Karatasi chache mno za kitabibu zina heshima ya namna hiyo kwa anayejibu.

Lakini kila swali lina msikilizaji wake wa kufikirika, na wa swali hili ni mvulana. Mvulana akikojoa damu anaiona, na hana maelezo mengine ya damu hiyo. Msichana wa miaka kumi na mitatu akiona damu, maelezo anayo tayari, kapewa na bibi au na somo wake, na pamoja na maelezo kapewa amri ya kunyamaza. Mwalimu anapouliza mbele ya darasa, unategemea atasema nini? Si haki kuilaumu hojaji kwa jambo ambalo haikulikusudia. Ilitafuta shule, haikutafuta mgonjwa mmoja mmoja, na kwa lengo hilo ilifaulu. Ninacholalamikia ni kilichofuata. Mafanikio ya njia za namna hiyo yalisaidia kukifanya kichocho kiwe ugonjwa wa shule. Dawa, prazikwanteli, kwa miaka mingi zimegawiwa shuleni, kwa fimbo ya kupimia urefu na mstari wa watoto. Mama wa miaka thelathini anayepalilia mpunga maji yakiwa magotini hayumo kwenye mstari huo. Ni mwaka 2022 tu ambapo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake mpya, lilipendekeza dawa za kinga ziwafikie watu kuanzia miaka 2 na kuendelea, watu wazima wakiwemo, na wajawazito baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Kutoka kwenye mwongozo hadi mkononi kwa mama huyo ni safari nyingine.

Mama huyo, akiumwa, anakutana na maandishi ya tatu, ile chati. Na hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu chati imeokoa watu. Mkoani Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, bila kusubiri maabara, kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Katika nchi ambayo zahanati nyingi hazikuwa na darubini, huo ulikuwa ushindi. Mantiki yake ni ya visanduku na mishale. Anatokwa na uchafu? Ndiyo. Maumivu chini ya tumbo? Hapana. Mpe dawa hizi, mwambie amlete mwenzi wake, arudi baada ya siku saba.

Trikomona, kimelea mwingine wa njia ya uzazi, ana nafasi yake ndani ya visanduku hivyo, na si kwa bahati. Kumwona kunahitaji tone bichi la majimaji ya uke liwekwe chini ya darubini mara moja, angali anaogelea. Ukichelewa akatulia, unamkosa. Chati ikaamua: tusimsubiri, tumtibu. Uamuzi wa busara. Yai la kichocho halikupewa kisanduku katika chati hizo zilivyobuniwa, kwa sababu chati ilijengwa juu ya swali moja lisiloandikwa: nani amemwambukiza nani? Kwa swali hilo, uchafu wowote una mtu wa pili.

Matokeo yake nimeyaona nyumbani. Mama yangu mdogo alipewa dawa za zinaa mara tatu katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, na mara zote tatu aliambiwa amlete mume. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za maji, na hakuna aliyempima kichocho. Mume alikuja mara ya kwanza. Mara ya pili aligoma. Mara ya tatu aliuliza swali ambalo mwanaume yeyote angeuliza baada ya kuambiwa mara tatu kwamba mkewe ana ugonjwa wa zinaa, na ndoa haikuvuka masika yale. Ugonjwa wa mtoni hugeuzwa ugonjwa wa kitandani namna hiyo, kwa kalamu, na mtu aliyeshika kalamu anakuwa amefuata chati sawasawa.

Asiyepona kwa chati hupewa jina jingine, safari hii na mtaa. UTI sugu. Nadhani hii ni mojawapo ya simulizi zinazosikika zaidi katika Tanzania ya leo. Ipo kwenye mabango ya waganga wa mitishamba, ipo kwenye sauti zinazotumwa katika magrupu ya akina mama, ina dawa ya kunywa, ya kujifusha na ya kukalia. Wasomi huicheka. Mimi siicheki, kwa kuwa neno *sugu* ni uhakiki. Mwanamke anayelitumia anasema: nimekunywa mlivyoniambia, na bado nipo hapa. Kwa baadhi yao, hasa waliokulia kando ya maji yaliyotuama, "sugu" huenda ndiyo dalili yenye maana kuliko zote alizozitaja, na ndiyo isiyoandikwa kwenye faili.

Mtu atasema basi, apimwe. Apimwe nini? Maabara kinga yake ya kwanza ni mkojo, na mkojo wa kichocho una saa zake: uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi, uchujwe mililita kumi kwenye kichujio, chujio liwekwe chini ya darubini na kutafutwa yai lenye mwiba nchani. Anayefika kliniki saa moja asubuhi kwa sababu foleni huanza saa moja, amefika saa isiyofaa. Na hata akifika saa sita, mkojo unaweza kukana. Gabriele Poggensee na wenzake, waliowachunguza wanawake kaskazini mwa Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2000, walikuta baadhi yao wana mayai kwenye mlango wa kizazi ilhali mkojo wao haukuwa na yai hata moja. Ili kuyaona mayai hayo walikata kipande kidogo cha nyama. Kukata huacha kidonda, na kidonda mahali hapo, katika nchi zenye VVU, ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Kichocho chenyewe kinatosha kuleta wasiwasi: utafiti wa Zimbabwe ulioongozwa na Eyrun Kjetland, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta wanawake wenye kichocho cha uzazi walikuwa na VVU karibu mara 3 zaidi ya wenzao.

Njia mpya inayonipa hamu ya kusoma zaidi imetoka Zambia, ambako wanawake walijichukulia sampuli wenyewe kwa kijiti cha pamba, nyumbani, kisha maabara ikatafuta vinasaba vya kimelea. Kisarufi, angalia kilichotokea. Katika atlasi mwanamke *anachunguzwa*. Katika chati *anatibiwa*. Hapa *anachukua*. Kitenzi kimeacha kutendwa. Sina hakika waandishi wa utafiti ule walifikiria hivyo, lakini mimi nimeshindwa kutokifikiria.

Kipimo hicho bado hakijafika kwetu kama huduma ya kawaida. Kilichofika ni siki. Katika vituo vingi nchini, uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi hufanywa kwa kupaka siki na kutazama kama sehemu inageuka nyeupe. Yaani kitanda kipo, taa ipo, kifaa kipo, mwanamke kashajitolea, muuguzi anatazama mahali penyewe hasa. Kinachokosekana kwa muuguzi huyo ni kurasa chache za picha na lile neno mchanga. Hiyo atlasi ingetafsiriwa kwa Kiswahili, kazi yake ingekuwa nyepesi kuliko tafsiri nyingi za kitabibu, maana mchanga, mpira na manjano hatuhitaji kuazima kokote. Kigumu kingekuwa jina la ugonjwa. Tukisema "kichocho cha sehemu za siri" tumeshaufunga ugonjwa ndani ya siri kabla haujaelezwa. "Kichocho cha via vya uzazi" ni sahihi lakini kina harufu ya mtihani wa biolojia. Mimi nasema kichocho cha kizazi, ingawa najua si kizazi peke yake kinachoguswa, kwa sababu ndilo neno ambalo mama wa Kisawasawa akilisikia atasogeza kiti.

Kuna kundi moja ambalo hata siki haitalifikia. Msichana wa miaka kumi au kumi na mbili hawezi kupandishwa kitandani na kupanuliwa uke ili mtu atazame mchanga. Na huo ndio umri ambao maambukizi hujaa, na ndio umri wa kutibu, kwani prazikwanteli huua minyoo walio hai lakini mabaka yaliyokwisha kujengeka mara nyingi hubaki. Kwa msichana huyo hakuna chombo isipokuwa swali. Tuna mfano wa swali zuri kutoka bonde hili hili, la mwaka 1991. Linahitaji kuandikwa upya kwa sikio la msichana, liulizwe na mwanamke, pembeni, bila darasa kusikiliza. Damu ikiulizwa, iulizwe kama inakuja na mwezi au inakuja na mkojo. Kuwashwa kuulizwe. Halafu liulizwe lile ambalo chati halikulijua: unafua wapi, unaoga wapi, unateka wapi, ulipokuwa mdogo ulikuwa unacheza wapi.

Kisawasawa jibu la swali hilo halitakuwa mto kwa ujumla. Mito inayoshuka Udzungwa inakimbia, na konokono wa kichocho hapendi maji yanayokimbia. Msichana atataja pale maji yanapochoka: kidimbwi cha kufulia, mfereji uliojaa nyasi, ukingo wa jaruba la mpunga baada ya mvua za masika. Atataja kwa jina, maana kila mahali pa maji kwetu pana jina.